Nani Aruhusiwe Kumshauri Mtoto Shuleni?

Katika mazoezi ya kufundisha yaliyopita tuliwapeleka baadhi ya walimu-wanafunzi wetu katika shule za msingi za Mbagala, wilayani Temeke. Kama ilivyo desturi, sisi wakufunzi tulipita kutoka shule hadi shule, tukikagua maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na zana za kufundishia, na tukikaa nyuma ya madarasa yenye watoto zaidi ya mia moja ili kuandika maoni yetu. Mengi tuliyoyaona yalitufurahisha. Lakini liko jambo moja ambalo halikuwamo katika fomu zetu za tathmini, nalo ndilo linalotufanya tushike kalamu leo.

Katika shule moja, ambayo hatutaitaja, mwalimu-mwanafunzi wetu mmoja, binti mwenye bidii na huruma, alimwona mtoto wa kike wa darasa la tano akisinzia kila siku asubuhi. Hakumchapa wala hakumfokea. Wakati wa mapumziko alimwita katika chumba cha walimu, akamketisha kando yake, akamwuliza kwa upole kama kulikuwa na jambo lililomsumbua nyumbani. Mtoto alinyamaza kitambo, kisha akaanza kulia, na katika kulia kwake akalitaja jambo zito ambalo mtoto wa umri ule hakupaswa kulibeba. Chumbani mle walikuwamo walimu wengine watatu wakisahihisha madaftari, na mmoja wao alikuwa akikaa mtaa mmoja na jamaa za mtoto yule. Jioni ile, kwa nia njema kabisa, alikwenda kumwuliza mama yake. Kesho yake mtoto hakuja shuleni. Kesho kutwa hakuja. Wiki ilipokwisha tuliambiwa kwamba amepelekwa shamba kwa bibi yake, na hapana aliyejua atarudi lini.

Mwalimu-mwanafunzi yule alitufuata akiwa na machozi. "Mwalimu," alisema, "nilikosea wapi? Si mlitufundisha tuwasikilize watoto?"

Hatukuwa na jibu la haraka. Ni kweli tulimfundisha awasikilize watoto. Hatukumfundisha awasikilizie wapi, aulize nini na aache nini, amwambie nani na asimwambie nani, aandike nini na akiweke wapi. Zaidi ya yote, hatukumfundisha ni wakati gani asimame na kukiri kwamba kazi iliyo mbele yake ni ya mtu mwingine mwenye mafunzo mengine. Kosa lile lilikuwa letu kabla ya kuwa lake. Kwa sababu hiyo tunaona inatupasa kuliuliza swali hili waziwazi mbele ya walimu wa kesho: ni nani aruhusiwe kumshauri mtoto shuleni, kwa mafunzo gani, na kwa idhini ya nani?

Kazi yenyewe ni ipi?

Watu wengi husikia jina "mwanasaikolojia wa shule" wakadhani ni mtu wa kuwatibu wenye wazimu. Hapana. Mwanasaikolojia wa shule ni mtaalamu aliyesomea namna mtoto anavyojifunza, anavyokua, anavyoogopa na anavyohusiana na wenzake, kisha akafunzwa kuitumia elimu hiyo mahali mtoto alipo, yaani shuleni. Hupima kwa nini mtoto hasomi, huwashauri walimu na wazazi, humsaidia mtoto aliyepatwa na msiba au kitisho, na hutambua ni mtoto yupi anayehitaji hospitali, ustawi wa jamii au polisi.

Kazi hii ilianzishwa na swali la mwalimu. Mwaka 1896, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, mwalimu mmoja alimpelekea Lightner Witmer, aliyekuwa akifundisha saikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, mvulana wa miaka 14 ambaye hakuweza kabisa kuandika maneno kwa usahihi ingawa masomo mengine hayakumshinda. Witmer alipompima aligundua kwamba mtoto yule alikuwa na kasoro ya macho. Alipewa miwani, akapata nafuu, ingawa shida ya kusoma haikumwisha yote na ilibidi afundishwe kwa njia ya pekee. Mwaka huohuo Witmer alifungua kliniki ya saikolojia kwa ajili ya watoto wa namna hiyo. Mwalimu yeyote wa Mbagala atamtambua mtoto huyu. Ameketi nyuma, hanakili ubaoni, daftari lake ni tupu, na jina lake darasani ni "mvivu". Aghalabu dawa anayopewa ni fimbo, wakati labda dawa aliyoihitaji ni kuhamishiwa dawati la mbele na kupelekwa kupimwa macho.

Lakini upimaji ni kisu chenye makali pande mbili. Mwaka 1905 Alfred Binet na Théodore Simon walitunga huko Paris vipimo vya kuwatambua watoto waliohitaji msaada wa pekee katika masomo. Vipimo hivyo vilipofika Marekani, wapo waliovitumia kuwabandika watu majina ya upungufu wa akili na kuwafungia milango. Shabaha ya Binet ilikuwa kumsaidia mtoto, lakini mikononi mwa wengine chombo kilekile kiligeuka kuwa cha kuhukumu. Hali kadhalika, kipimo kilichotungwa kwa watoto wa ng'ambo, chenye picha za vitu ambavyo mtoto wa Charambe au Kijichi hajapata kuviona, kitamwonyesha kuwa mjinga ilhali mjinga ni kipimo. Kulijua hilo kunahitaji mafunzo. Hakutokani na huruma peke yake.

Yaliyokwisha kufanyika kwetu

Si haki kusema kwamba nchi yetu haijafanya lolote. Mwaka 2002 Wizara ya Elimu ilitoa waraka wa kutaka huduma za ushauri nasaha ziwepo shuleni. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa kila mwananchi mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mahali pale. Mwaka 2020 Wizara ilitoa mwongozo wa huduma za ushauri, unasihi na ulinzi wa mtoto katika shule na vyuo vya ualimu. Katika elimu ya juu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha saikolojia ya elimu, na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinafundisha saikolojia ya tiba katika ngazi ya uzamili. Kwa hiyo mbegu ipo.

Upungufu tunaouona ni huu. Katika shule nyingi za msingi tulizozitembelea, mshauri nasaha ni mwalimu aliyeteuliwa katika kikao. Huteuliwa kwa kuwa ni mtu mzima, au ni mama, au ni mcha Mungu, au kwa kuwa vipindi vyake ni vichache kuliko vya wenzake. Pengine ni mtu mwema sana. Lakini hakupata mafunzo maalumu, hana chumba, hana saa iliyotengwa katika ratiba, hana wa kumsimamia, na akikosea hapana daftari linaloonyesha kwamba alipata kuruhusiwa.

Tufikirie jambo moja la kushangaza. Kanuni za adhabu ya viboko zilizotolewa mwaka 2002 ziliweka kwamba viboko visizidi vinne, kwamba atoe mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kwamba adhabu iandikwe katika kitabu. Tunajua kwamba kanuni hizo huvunjwa, na hapa hatuzungumzii kama viboko vyenyewe vinafaa. Tunalosema ni kwamba sheria iliona kuugusa mwili wa mtoto kwa fimbo ni jambo zito, likahitaji idhini na kumbukumbu. Je, kuugusa moyo wake ni jambo jepesi zaidi? Kidonda cha mgongoni mama atakiona mtoto anapooga. Siri iliyovujishwa haina alama ya kuonyesha.

Uzito wa jambo hili si wa kubahatisha. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi wa nchi nzima kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2011. Ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu ya wote, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepata kupigwa au kuumizwa mwili. Mwalimu mwenye darasa la watoto 100 na afanye hesabu mwenyewe. Hatauliza tena kama yumo mtoto wa namna hiyo darasani mwake. Atauliza wako wangapi.

Somo la Mbagala

Mbagala ina sababu yake ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Siku ya Jumatano, tarehe 29 Aprili 2009, wakati watoto wakiwa shuleni, mabomu yaliyokuwa katika ghala la silaha la jeshi yalilipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba ziliharibika. Watoto walikimbia wasijue waendako, na wengi walipoteana na wazazi wao. Chama cha Msalaba Mwekundu kilishughulika na kazi ya kuwakutanisha tena na jamaa zao. Kabla miaka miwili haijatimia, tarehe 16 Februari 2011, mkasa wa namna hiyohiyo ukatokea Gongo la Mboto.

Baada ya maziko na baada ya mapaa kuezekwa upya, shule zilifunguliwa. Mwalimu wa darasa la pili aliyewapokea watoto wale alikuwa na chaki, ubao na moyo wake. Alikuwa mbele ya watoto waliosikia kishindo na kuona moshi na maiti, na huenda naye mwenyewe alilala nje usiku ule. Angefanya nini? Awasimulishe mmoja mmoja walichokiona? Awakataze kabisa kulitaja? Aendelee na hesabu za kujumlisha kana kwamba hapakutokea neno?

Elimu ya leo ina majibu, nayo yanaweza kufundishwa. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na washirika wake walitoa mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambao misingi yake ni mitatu: kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Inafahamika kwamba kumlazimisha mtu asimulie mkasa mara tu baada ya kutokea si msaada, na kwaweza kumdhuru. Inafahamika pia kwamba watoto walio wengi hupona kwa kurudishiwa utaratibu wao wa kila siku, michezo, chakula, na watu wazima waliotulia. Lakini wako wachache ambao mwezi hupita na zaidi nao wakiendelea kushtuka kila ngoma inapolia, wakikojoa kitandani, wakikataa kupita njia fulani au wakinyamaza kabisa. Hao ndio wanaohitaji mtaalamu. Kazi ya mwalimu ni kuwatambua, na kazi ya mwanasaikolojia ni kuwatibu. Anayezichanganya kazi hizi mbili huwadhuru wote wawili, mtoto na mwalimu.

Leseni ni ya nini?

Wapo wenzetu wanaosema kwamba leseni ni urasimu, na kwamba wazee wetu waliwashauri watoto bila karatasi yoyote. Tunawaheshimu, lakini tunawaomba walitazame upya hilo wanalolisema. Wazaramo, ambao ni wenyeji wa Mbagala, hawakumkabidhi mwali kwa mtu yeyote aliyepita njiani. Kungwi alikuwa mwanamke aliyekwisha kupitia mafunzo yale mwenyewe, akakaa chini ya waliomtangulia, akaonekana mwenendo wake, kisha akakubaliwa. Palikuwa na mambo ya kusemwa ndani na mambo ya kusemwa nje, na aliyeyatoa nje ya mahali pake hakukabidhiwa mwali mwingine. Hatusemi kwamba kila lililofundishwa humo lilikuwa jema. Tunasema kwamba mafunzo yalikuwapo, usimamizi ulikuwapo, siri ilikuwapo, na adhabu ya aliyevunja miiko ilikuwapo. Hizo ndizo nguzo nne za leseni. Wazee wetu walikuwa nayo, ila hawakuiandika.

Kwa hiyo tusiione leseni kama karatasi ya kumpandisha mtu cheo. Leseni huiambia jamii mambo matatu. Kwanza, mtu huyu amefundishwa kiasi fulani na amefanya kazi chini ya macho ya mwingine. Pili, iko mipaka ambayo haruhusiwi kuivuka. Tatu, akiivuka, mzazi anajua mahali pa kupeleka malalamiko, na mtu huyo aweza kuondolewa katika kazi hiyo. Sisi tunaiona hii ya pili kuwa ndiyo kubwa kuliko zote. Asiyefundishwa hajui anachokijua wala asichokijua, na mtu wa namna hiyo ni hatari hata akiwa na moyo wa malaika.

Majirani zetu wa Kenya walitunga mwaka 2014 sheria ya wanasihi na wanasaikolojia, inayoweka bodi ya kuwasajili na kuwapa leseni. Afrika Kusini humtaka mwanasaikolojia wa elimu awe na shahada ya uzamili na mwaka mmoja wa kazi chini ya usimamizi, kisha asajiliwe na baraza la taaluma za afya. Katika Uingereza, tangu mwaka 2009, jina la mwanasaikolojia wa elimu linalindwa na sheria, na asiyesajiliwa hana ruhusa ya kujiita hivyo. Nchini Marekani chama cha taifa cha wanasaikolojia wa shule hudai saa 1,200 za mazoezi yaliyosimamiwa, na zisizopungua 600 kati yake zifanyike shuleni. Chama hichohicho hupendekeza mwanasaikolojia mmoja kwa wanafunzi 500.

Hapa inatupasa tuwe wakweli. Kwa kipimo hicho, shule moja ya Mbagala yenye wanafunzi 3,000 wanaosoma kwa zamu asubuhi na mchana ingehitaji wanasaikolojia 6, na nchi yenye shule za msingi zaidi ya 17,000 ingehitaji jeshi zima. Tukiiga kwa kunakili tutatunga sheria ya kupendeza isiyokuwa na mtu wa kuitekeleza, na watoto watabaki palepale walipo. Lakini tukitumia umaskini wetu kama kisingizio cha kumwachia kila mtu kazi hii, tutakuwa tunasema kwamba mtoto wa maskini anastahili mshauri asiyefundishwa. Hilo hatuko tayari kulisema.

Tunalopendekeza

Maoni yetu ni kwamba zijengwe ngazi tatu, kila moja na mafunzo yake na mipaka yake.

Ngazi ya kwanza ni ya kila mwalimu. Kila mwalimu-mwanafunzi afundishwe kwa vitendo namna ya kumsikiliza mtoto, kuweka kumbukumbu, kutunza siri na kumpeleka mtoto kwa anayehusika. Tunasema kwa vitendo, kwa sababu somo hili likibaki kuwa la kukariri majina ya wanasaikolojia kwa ajili ya mtihani halina faida. Litathminiwe katika mazoezi ya kufundisha kama tunavyotathmini matumizi ya ubao.

Ngazi ya pili ni ya mwalimu mnasihi. Kila shule iwe na wawili, mwanamke na mwanamume. Wasiteuliwe kikaoni tu, bali wapate mafunzo yasiyopungua mwaka mmoja, sehemu yake yakifanyika wakiwa kazini, pamoja na saa za mazoezi zinazosimamiwa. Wapunguziwe vipindi, wapewe chumba chenye mlango unaofungwa, na wapewe leseni ya muda maalumu itakayofanywa upya kwa kuonyesha kwamba wameendelea kujifunza. Bunge lilitunga mwaka 2018 sheria ya bodi ya kitaalamu ya walimu, yenye shabaha ya kusajili walimu na kuwapa leseni. Tunaona mahali pa kuliweka daftari la walimu wanasihi ni hapo.

Ngazi ya tatu ni ya mwanasaikolojia wa shule mwenyewe. Huyu awe na shahada ya kwanza ya saikolojia au elimu, kisha uzamili, kisha mwaka mzima wa kazi shuleni chini ya msimamizi. Kwa kuwa yeye hupima na kutambua maradhi, si sawa asajiliwe kama mwalimu tu. Anahitaji sheria yake, kama walivyofanya Wakenya. Aanzie wilayani, na uwezo wa nchi ukiongezeka ashuke hadi kwenye kata. Mwanasaikolojia mmoja katika wilaya hawezi kumwona kila mtoto, lakini aweza kuwasimamia walimu wanasihi, kuwakutanisha kila mwezi, na kupokea yale yaliyowashinda.

Tutaulizwa: na hao walioteuliwa zamani, ambao wamefanya kazi hii miaka mingi bila mafunzo, wafukuzwe? La hasha. Wengi wao wamejifunza kwa uzoefu mambo ambayo hayamo vitabuni. Wapewe idhini ya muda na nafasi ya kusoma, kisha wapimwe. Atakayeona kazi ni nzito aiache kwa heshima.

Tutaulizwa pia fedha zitatoka wapi. Jibu letu ni kwamba gharama ipo tayari, ila hatuiandiki. Tunailipa kwa watoto wanaoacha shule, kwa wanaorudia darasa, kwa mabinti wanaopotea kama yule wa darasa la tano, na kwa walimu wanaochoka mapema kwa kubeba mizigo wasiyofundishwa kuibeba.

Na mwalimu wa darasa je?

Mwalimu-mwanafunzi mpendwa, huenda utaanza kazi kabla ngazi hizo hazijajengwa. Utakuwa Chamazi au Toangoma, au mbali zaidi, na mtoto atakuja kwako kesho. Hatuwezi kukuambia umngojee mwanasaikolojia ambaye hajaajiriwa. Tunakuomba tu ushike mambo machache.

Mtoto anapotaka kukuambia neno, kaa naye mahali ambapo wengine wanawaona lakini hawawasikii: chini ya mwembe, au barazani mbele ya darasa. Hapo utailinda siri yake na utalilinda jina lako. Chumba cha walimu si mahali pake.

Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu. Mwambie kweli: "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia." Ahadi unayolazimika kuivunja ni mbaya kuliko ahadi ambayo hukuitoa.

Sikiliza zaidi ya kuuliza. Usimtilie maneno kinywani, usimsimulishe mara mbili mbili, usimwulize kwa nini hakusema mapema. Wewe si mpelelezi. Yakionekana mambo ya jinai, maswali yako mengi yaweza kuharibu ushahidi wake.

Andika siku ileile alichosema, kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na tarehe. Usiandike maoni yako kana kwamba ni maneno yake. Karatasi hiyo ifungiwe.

Usiende nyumbani kwake peke yako, na usimtume jirani. Huenda anayemwumiza mtoto ndiye atakayekufungulia mlango. Mpelekee mwalimu mkuu au mwalimu mnasihi, na kwa njia hiyo afisa ustawi wa jamii. Ikiwa mtoto yumo hatarini, kuna Dawati la Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi, na kuna simu ya bure ya 116 kwa ajili ya watoto. Ukiona aliyepaswa kupokea taarifa ndiye anayetuhumiwa, usirudi nyuma. Sheria ya mwaka 2009 inakutaka upeleke taarifa kwa serikali ya mahali pale.

Kabla hujamwita mtoto mvivu, mtazame macho, masikio na tumbo. Je, anaona ubao? Anasikia? Amekula? Hayo hayahitaji leseni.

Mwisho, jua pa kukomea. Usimpe mtoto jina la ugonjwa. Usimwambie mzazi kwamba mwanawe ana akili pungufu kwa kuwa amepata sufuri mara tatu. Kusema "hili limenizidi, nitamtafuta anayeliweza" si kujivunjia heshima mbele ya wanafunzi wala wazazi. Fundi wa kweli huwajua mafundi wenzake.

Sisi kwa upande wetu tumeanza na dogo lililo katika uwezo wetu. Katika fomu yetu ya tathmini ya mazoezi ya kufundisha tumeongeza mstari mmoja: "Je, mwalimu-mwanafunzi anajua, katika shule hii, mtoto mwenye shida apelekwe kwa nani?" Katika shule kadhaa jibu limekuwa kimya, na kimya hicho tumekiandika kama kilivyo. Yule binti mwalimu-mwanafunzi amemaliza masomo yake, na alituambia kwamba angependa kusomea unasihi nafasi ikipatikana. Tulimwambia asome. Kuhusu mtoto wa darasa la tano, tulifanya tulilochelewa kulifanya: tulipeleka taarifa kwa ustawi wa jamii, nao wakaahidi kufuatilia. Hadi tunapoandika makala haya dawati lake halijakaliwa naye.

Tungependa kusikia kutoka kwa wakufunzi na walimu-wanafunzi wa vyuo vingine wanaokubaliana nasi, na zaidi kutoka kwa wasiokubaliana nasi.